Kupanda Vilima vya Lushoto na Mtoto Mdogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila likizo ya Juni napokea ujumbe uleule. Tulimpeleka mtoto kwenye genge la Irente, karibu na Lushoto mjini, akatembea nusu saa, akakaa chini katikati ya njia akalia, baba akambeba mpaka mgongo ukakataa, genge lenyewe hatukuliona. Wengine huongeza kwamba mtoto alitapika kabla hata hawajafika Soni, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kupanda kutoka Mombo.

Mimi na binti yangu yalitupata hayohayo mara ya kwanza, akiwa na miaka minne. Nilipiga hesabu ya kufika gengeni, hesabu ya kurudi sikuipiga. Tangu hapo tumekwenda mara nyingi, na haya ninayoandika ni yale yaliyobaki baada ya makosa kuondolewa.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, anayetembea mwenyewe kwa sehemu kubwa ya njia. Nimetumia Irente kwa sababu ndiko wengi wanakokwenda, lakini hatua hizi zinafaa kilima chochote cha siku moja.

## Vitu vya kuandaa

Viatu. Raba zilizofungwa kwa kamba au kibandiko, ambazo mtoto ameshazivaa wiki mbili au zaidi. Raba mpya humtoa malengelenge kabla ya saa moja kwisha. Yeboyebo ziache nyumbani: udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza, na mguu huchomoka ndani ya kiatu wakati wa kushuka.

Nguo za tabaka. Fulana, sweta, koti la mvua, kofia ya jua na mzula wa baridi. Ongeza soksi pea mbili za akiba na suruali ya kubadili. Epuka jinzi, ikilowa haikauki upesi na baridi yake hukaa mwilini.

Kanga mbili au kitenge kimoja kikubwa. Hiki ndicho kifaa ambacho sikuwahi kujuta kukibeba. Ni mbeleko, ni mkeka, ni taulo, ni kivuli, ni pazia la kujisaidia.

Maji. Lita moja ya mtoto, lita moja na nusu ya kila mtu mzima. Yachemshwe au yawe ya chupa. Ya kijitoni, hata yang'ae vipi, si ya kunywa.

Chakula cha vipande vidogo. Ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, maandazi. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa akiwa anatembea, maana humpalia. Kashata ivunje vipande vidogo sana, au mwachie mkubwa.

Kijaruba cha dawa. Plasta, bandeji, sabuni kipande, dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kibanio cha kutolea miiba.

Vingine. Filimbi ya kumvalisha shingoni, tochi, mfuko wa taka, karatasi za chooni, simu yenye chaji ya kutosha, na hela taslimu za noti ndogo.

Mtoto naye abebe kibegi chake, chenye kitambaa, biskuti na mdoli. Kisizidi nusu kilo. Faida yake ni kwamba anajiona ni msafiri kama ninyi.

## Hatua ya 1: Muulize daktari, kama kuna sababu

Wengi wataruka hatua hii kwa usalama. Msiiruke kama mtoto ana selimundu. Baridi, kupungukiwa maji na uchovu mkali ni vitu vitatu vinavyojulikana kuamsha maumivu ya ugonjwa huo, na mlimani vyote vitatu vinaweza kukutana kwa siku moja. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na ikae mfukoni mwa mtu mzima, isizame chini ya begi. Mtoto mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kukinga jua inayopakwa upya kila baada ya saa mbili, hata siku ya mawingu.

## Hatua ya 2: Ipime miguu yake nyumbani

Wiki tatu kabla ya safari, mtembeze Jumamosi kwenye njia yenye mwinuko mtaani kwenu. Usimbebe, usimharakishe. Angalia saa anapolalamika mara ya kwanza, iandike. Hiyo dakika ndiyo namba muhimu kuliko zote katika mwongozo huu.

Mtu mzima huchoka taratibu: anapunguza mwendo, anahema, anatafuta jiwe la kukalia. Mtoto wa miaka minne hukimbia, hukimbia, kisha huzima kama taa ya koroboi iliyoishiwa mafuta. Hakuna dalili ya katikati. Kwa hiyo huwezi kumsubiri akwambie amechoka ndipo ugeuze, maana akishasema, mko mbali na gari na yeye hana kitu tena miguuni.

Hesabu ninayoitumia: akilalamika dakika ya 45 nyumbani, basi mlimani nageuza dakika ya 30, liwalo na liwe.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na namba iliyoandikwa, siyo ya kukisia.

## Hatua ya 3: Kata njia iwe fupi

Kutoka Lushoto mjini hadi genge la Irente ni kama kilomita 6. Kwenda na kurudi ni 12, nyingi zikiwa na mwinuko. Mtu mzima anazimaliza asubuhi moja. Mtoto wa miaka minne, ukijumlisha vituo vya kuokota mawe, kutazama mende na kujisaidia, huenda kilomita moja hivi kwa saa, mbili akiwa na moyo. Hapo ndipo wengi wanapofelia, kabla hata hawajatoka nyumba ya wageni.

Chukueni teksi au gari mpaka Irente Farm, kisha tembeeni kutoka hapo kwenda gengeni. Ni mwendo mfupi, njia inaeleweka, na mkirudi kuna mahali pa kukaa, mkate, jibini na jemu za shambani hapo. Mweleze dereva saa ya kuwarudia, mwandike namba yake kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huzima.

Msipakiane watatu kwenye bodaboda na begi juu. Barabara ile ina kokoto na makona.

Kama ni mara yenu ya kwanza, mchukue kijana wa kuwaongoza kutoka ofisi za waongozaji mjini. Mwambie mapema: "Kaka, leo mwendo ni wa mtoto." Asiyekubali hilo mwache, tafuta mwingine.

## Hatua ya 4: Barabara ya Mombo

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine. Watoto wengi huharibikiwa na safari hapa, na mtoto aliyetapika asubuhi hapandi kilima mchana.

Kula kuwe saa mbili kabla ya Mombo, na kuwe kukavu: mkate, kiazi, ndizi. Maziwa na chipsi za njiani hapana. Mkalishe mahali anapoona mbele, dirisha likiwa wazi kidogo, na simu ya katuni izimwe kabisa, kwani kutazama kitu kilichotulia huku mwili unayumba ndiko kunakomchafua. Mwimbieni, mhesabu madaraja. Kama mna gari lenu, simameni Soni, ashuke, anyooshe miguu.

Zaidi ya yote, msipande Lushoto na kutembea siku hiyohiyo. Mlale. Mombo iko tambarare kwenye joto, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Mtoto wa Dar aliyeshuka garini na fulana anahitaji usiku mmoja wa kuizoea baridi ile. (Mwinuko wenyewe usiwatie hofu, ugonjwa wa milimani kwa kawaida huanzia juu zaidi ya hapo, mita 2,500 na kuendelea.)

## Hatua ya 5: Chagua siku na saa

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, njia ni utelezi mtupu. Juni hadi Agosti ni kukavu zaidi lakini baridi ni kali na ukungu hukaa asubuhi, kwa hiyo hakuna maana ya kuwahi saa 12: mtafika gengeni mkitazama ukuta mweupe. Miezi hiyo anzeni saa 3. Januari na Februari, jua likiwa kali, anzeni saa 1 na nusu.

Hesabuni usingizi wake wa mchana. Kama hulala saa 7, saa 6 na nusu awe tayari amekaa mezani shambani anakula mkate.

Kabla ya kutoka, andika namba zenu mbili za simu ndani ya sweta lake kwa kalamu ya wino. Mfundishe jambo moja tu kuhusu kupotea: asipotuona, akae palepale chini ya mti, apulize filimbi mara tatu, atulie, apulize tena. Jaribuni mara mbili uani. Akipuliza kwa furaha na kurudia bila kukumbushwa, yuko tayari.

## Hatua ya 6: Mwendo ni wake

Mtoto atangulie, mtu mzima mmoja nyuma yake hatua mbili. Ukitangulia wewe, utajikuta unamwita kila dakika, "Haya, njoo," naye atakuwa anafukuza mgongo wako badala ya kuutazama mlima.

Safari yetu ya kwanza, binti yangu aligoma kwenye mwinuko wa kwanza. Alikaa. Akaja bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, tukamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mbona mjukuu wangu amekaa?"

"Amechoka, bibi."

Alimtazama, akainama na mzigo wake vilevile bila kuugusa, akaokota kijiti kama cha urefu wa mkono. Akamkabidhi mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha thamani. "Hii ni ya kupandia. Usiipoteze." Binti akasimama. Alitembea dakika ishirini nyingine, akigonga kila jiwe alilolikuta.

Nimeijaribu kwa watoto wengine tangu hapo, na huwafaa karibu wote. Mtoto asiye na kazi mkononi huisikia miguu yake. Mwenye fimbo, au mwenye kazi ya kuhesabu vinyonga, au ya kutafuta jani kubwa kuliko uso wa baba, hana nafasi ya kuisikia.

Mambo matatu ya kuangalia njiani:

- Siafu. Wakikata njia kwa mstari mweusi, mbebe mtoto uwavuke kwa hatua ndefu. Wakishampanda, vua suruali palepale uwang'oe mmojammoja. Kupangusa hakuwatoi.
- Upupu na mimea ya kuwasha. Asiguse majani wala maganda yenye manyoya. Suruali ndefu ndiyo kinga.
- Mashamba. Matuta ya kabichi, viazi na maharage yana wenyewe. Mpite pembeni, muamkie, muombe njia. Mtoto akisema "shikamoo" kwa sauti mwenyewe, milango mingi hufunguka, na mara nyingi atarudi na peasi mkononi.

Nyoka ni nadra kumwona kwenye njia inayopitwa na watu. Ikitokea ameuma, mtoto asitembee. Mlaze, mguu au mkono utulizwe usichezeshwe, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, mkimbizeni hospitali.

## Hatua ya 7: Kula na kunywa kabla ya kuomba

Weka kengele ya simu ilie kila dakika 20. Ikilia, wote mnasimama, mtoto anakunywa mafunda manne matano. Kila kengele ya pili, anakula kipande. Usimuulize kama ana kiu au njaa. Mtoto anayecheza hujibu "hapana", kisha robo saa baadaye analia bila kujua analilia nini.

Pipi niliziruhusu zamani, siziruhusu tena njiani isipokuwa wakati wa kurudi. 

Mkojo utakwambia: akikojoa angalau kila saa tatu, na rangi ni ya njano iliyopauka, maji yanatosha. Ukiwa wa njano iliyokolea, kaeni kivulini, anywe polepole. Akiwa ametapika au kuharisha, changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza, mpe kidogokidogo kwa kijiko, na safari ya kupanda iishie hapo.

## Hatua ya 8: Gengeni

Hapa naomba usome taratibu.

Irente ni mwamba unaokatika ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, ni Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na barabara kuu ya kwenda Moshi ambayo malori yake yanaonekana kama punje za mchele zinazotambaa. Usitegemee uzio. Upepo nao huja bila hodi.

Hatua thelathini kabla ya ukingo, simameni. Mtoto ashikwe kifundo cha mkono, yaani pale saa inapovaliwa. Vidole vyenye jasho huchomoka, kifundo hakichomoki. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na huyo mmoja hapigi picha, hapokei simu, hafungui begi. Kama uko peke yako na watoto wawili, tazameni kutoka nyuma, panatosha.

Sheria ya kwetu: genge hutazamwa kwa kukaa kitako. Chagua jiwe pana lililo mbali na ukingo hatua kumi za mtu mzima. Kaa, mweke mtoto katikati ya miguu yako, mikono yako imfunge kifuani. Hapo ndipo mtazame kwa raha. Binti yangu hukaa kimya hapo, jambo lisilotokea popote pengine, kisha huanza kuuliza yale malori yanakwenda wapi.

Mkimaliza, nyanyuka wewe kwanza huku umemshika, mrudi kinyumenyume hatua chache, kisha mgeuke. Chakula msilie pale. Mrudi nyuma penye miti.

Umefaulu hatua hii kama hakuna hata sekunde moja aliyosimama bila mkono wako.

## Hatua ya 9: Kugeuza njia

Saa yako ikifika ile dakika ya kugeuza uliyoipata kwa hesabu ya Hatua ya 2, geuza, hata kama genge liko mbele kona mbili. Nimegeuza mara mbili bila kufika. Mara ya pili mume wangu alikasirika, tulikuwa tumetoka Tanga kwa ajili hiyo, lakini mtoto alifika shambani akiwa anaimba, na mwezi uliofuata yeye ndiye aliyeomba turudi.

Geuza mara moja pia ukiona: mawingu meusi na ngurumo, mtoto amenyamaza ghafla, anajikwaa kila hatua, midomo imebadilika rangi, au anatetemeka. Kunyamaza kwa mtoto mwenye maneno ni dalili ya baridi au uchovu, usifurahie.

Akiwa mbelekoni, kumbuka kwamba wewe unatokwa na jasho lakini yeye hatembei, hivyo anapoa. Kila robo saa ingiza mkono nyuma ya shingo yake. Shingo baridi maana yake ongeza sweta na mzula sasa. Miguu inayoning'inia ifunikwe kwa kanga ya pili.

## Hatua ya 10: Kushuka

Watu wengi huona kazi imekwisha, kumbe kuanguka na kuchubua magoti huwa hapa. Uzito wa mwili unamsukuma mbele, miguu imelegea, na kichwa cha mtoto ni kizito kwa kiwiliwili chake.

Kaza kamba za raba upya ili vidole visigonge mbele. Sasa wewe utangulie, chini yake, ili akiteleza akuangukie wewe. Penye mwinuko mkali ashuke kwa makalio, hakuna aibu, suruali itafuliwa. Kukimbia ni marufuku mpaka mfike njia ya gari.

Kujisaidia kukitokea, ondokeni njiani na mbali na maji, chimbeni shimo la kina cha kiganja, mfukie. Karatasi na nepi zirudi kwenye mfuko wa taka. Kijito kile kinanywesha watu wa chini.

## Jioni na siku zinazofuata

Mvue nguo zote umkague kwenye mwanga: kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye kinena, miiba, malengelenge. Lengelenge lisitumbuliwe, lifunike tu. Maji ya moto, uji, alale mapema. Siku inayofuata isiwe ya kupanda.

Homa ikija ndani ya wiki chache zijazo, msiseme ni baridi ya Lushoto. Akapimwe malaria siku hiyohiyo, maana safari ilipitia tambarare.

Kisha chukua daftari, andika: tarehe, saa mliyoanza, dakika aliyolalamika mara ya kwanza, alichokula akakipenda, alichokikataa. Safari ijayo inapangwa kutoka kwenye ukurasa huo. Wetu wa kwanza unasomeka dakika 35, na neno "yeboyebo" nimelipigia mstari. Wa Desemba iliyopita unasomeka saa moja na dakika 50, viazi vitamu vyote vimeliwa.